Magari ya Kijeshi Yanavyotafitiwa na Kubuniwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa ufundi magari hapa Dar es Salaam, madereva wa malori na mafundi wa gereji za Ilala na Gerezani. Mengine nimeyaunganisha kwa kuwa yalikuwa yanauliza jambo lile lile. Kila kilichomo ni habari inayojulikana hadharani, kwa hiyo anayetafuta siri za kambini ameshapotea njia.

Mwalimu, utafiti wa magari ya kijeshi si ni kutengeneza vifaru tu?

Hapana. Jeshi lolote duniani lina malori mengi kuliko vifaru. Kuna lori la askari, la maji, la mafuta, la risasi, gari la wagonjwa, na winchi ya kuvuta yote hayo yakikwama. Kituo kikubwa cha Marekani cha kazi hii kipo Warren, Michigan, jirani na Detroit. Kwa miaka mingi kiliitwa TARDEC, na mwaka 2019 kikabadilishwa jina kuwa GVSC. Humo ndani wanahangaika na injini, rejeta, matairi, viti, programu za kompyuta, na kwa muda mrefu walishughulika hata na madaraja ya muda na mitambo ya kusafisha maji. Bunduki yenyewe mara nyingi ni kazi ya kituo kingine.

Kinachowaumiza vichwa siku zote ni uzito. Ukiongeza bamba la kumlinda askari, gari linazidi uzito. Likizidi uzito linataka injini kubwa, injini kubwa inataka mafuta mengi na rejeta pana, rejeta pana inaongeza ukubwa wa gari, na gari kubwa linataka bamba zaidi la kulifunika. Karibu kila jibu hapa chini litaturudisha kwenye mzunguko huo.

Tanzania tunatengeneza magari ya kijeshi?

Tumewahi, na taasisi ya kazi hiyo ipo mpaka leo. Toka mjini kwa Barabara ya Morogoro, pita Kimara, Mbezi na Kibamba, ukiingia Kibaha upo jirani na Shirika la Nyumbu, lenye kifupi cha TATC, chini ya wizara inayoshughulikia ulinzi. Lilianza kama mradi miaka ya 1970, enzi za Mwalimu Nyerere, na mwaka 1985 likawa shirika kamili. Lori lao lilipewa jina hilo hilo, Nyumbu.

Ili uelewe kwa nini nchi changa ilijitwisha mzigo ule, rudi kwenye vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Kutoka Dar hadi Kagera ni zaidi ya kilomita elfu moja, na barabara za wakati ule unazijua au umesimuliwa. Jeshi lilibidi lichukue malori na mabasi ya raia kusafirisha askari na mizigo. Kila aina ya lori ilikuja na spea zake, na spea zilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Ukikaa na tatizo hilo kwa muda, wazo la kuwa na lori moja la nyumbani, fundi anayelijua na kiwanda cha kusubu vipuri vyake halionekani tena kuwa ndoto ya mchana.

Nyumbu halikufika hatua ya kuzalishwa kwa wingi. Wako wanaosema ni kwa sababu wahandisi wetu hawakuweza. Mimi sikubaliani nao. Kutengeneza gari la kwanza ni suala la akili na mikono. Kutengeneza la elfu moja ni suala la soko, mtaji na wauzaji wa vifaa vidogo vidogo, na miaka ya 1980 uchumi wetu haukuwa na hata kimoja cha kutosha. Hapo hapo Kibaha, TAMCO iliyokuwa ikiunganisha malori ya Scania nayo haikupona. Nyumbu ilibaki na karakana, uwezo wa kuyeyusha na kusubu chuma, na mafundi wanaojua kuchonga kipuri bila kukiagiza ng'ambo. Baadaye walitengeneza hata gari la zimamoto. Anayedhani huo si utafiti hajawahi kupimisha kipuri kilichochongwa nyumbani kwenye gari la tani kumi.

Kwa nini jeshi lisinunue Land Cruiser na kuifunga mabamba ya chuma? Si ndivyo wanavyofanya matajiri?

Wanafanya, na kwa mjini inafaa. Lakini siku ukipata nafasi, simama kando ya Land Cruiser iliyofungwa deraya, umwombe dereva afungue mlango wa mbele. Utaona anatumia bega, si mkono. Angalia bawaba: kama gari limetembea miaka kadhaa, mlango umeshuka milimita chache na unakwaruza kizingiti, na dereva amejifunza kuunyanyua kidogo wakati wa kufunga. Kisha sogeza jicho kwenye kioo. Unene wake unafika milimita 40 hivi, matabaka ya kioo yaliyogandishwa pamoja, na upande wa ndani kuna tabaka la plastiki ngumu. Kwenye kingo utaona ukungu mweupe kama maziwa, na viputo. Kioo na plastiki havitanuki sawasawa kwenye joto, na unyevu wa pwani unapenya pembeni, hivyo matabaka yanaachana. Gari lililokaa juani Masaki huharibika kioo mapema kuliko lililokaa nchi ya baridi, na kioo kilichoachana hakiaminiki tena kuzuia risasi kama kilivyokuwa siku ya kwanza.

Hapo bado hujalala chini ya gari. Deraya la kuzuia risasi za bunduki ya vita linaongeza tani moja na zaidi. Springi zilikokotolewa kwa abiria na mizigo, si kwa chuma kinachokaa humo usiku na mchana. Wataongeza springi, na sasa breki hazitoshi. Watabadilisha breki, na sasa ekseli na beringi za magurudumu zinachoka mapema. Halafu uzito mwingi umekaa juu, kwenye vioo na paa, kwa hiyo kona ambayo zamani ulikata kwa spidi themanini itakulaza ubavu.

Wamarekani walipita njia hiyo hiyo Iraki na Humvee, gari lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kukimbia huku na huko nyuma ya mstari wa mbele, bila deraya. Walilifunga mabamba, wakaongeza mengine, mpaka milango ikawa mizito kiasi kwamba gari likipinduka mferejini askari walishindwa kujitoa. Wako waliozama humo. Mrithi wake, JLTV, ambaye mkataba wake wa uzalishaji ulitolewa mwaka 2015, alibuniwa tangu mwanzo akiwa amebeba deraya, na tofauti ipo hapo.

Fundi mzuri wa kuchomelea wa Gerezani anaweza kuunga bamba la deraya?

Mkono anao. Kinachokosekana ni tanuri.

Chuma cha deraya kimepikwa na kupozwa haraka ili kiwe kigumu. Ugumu huo una gharama yake kwenye maungio. Ukichomelea kama unavyochomelea geti, mambo mawili hutokea. Kwanza, eneo la pembeni ya mshono linapata joto na kupoteza ugumu, ukabaki na mstari laini katikati ya bamba gumu. Pili, na hili ndilo baya zaidi, hidrojeni inayotokana na unyevu huingia ndani ya chuma kikiwa moto. Unamaliza mshono, unaukagua, ni mzuri kweli. Unakwenda kulala. Kesho asubuhi, au keshokutwa, kuna ufa mwembamba pembeni ya mshono, na hakuna mtu aliyeugusa.

Ndiyo maana viwanda vinatumia vijiti vyenye hidrojeni kidogo, vinavyokaa ndani ya tanuri la joto hadi dakika ya kutumika, au vijiti vya aina ya chuma kisichoshika kutu ambavyo vinavumilia zaidi. Bamba nene hupashwa moto kwanza. Hapa Dar, ambako unyevu wa hewa unakaa juu karibu mwaka mzima, paketi ya vijiti iliyofunguliwa jana na kuachwa juu ya benchi haifai kabisa kwa kazi hiyo. Si kosa la fundi wetu, kwani geti halimdai hivyo.

Kifaru cha tani sitini kinapitaje kwenye tope ambalo Fuso la tani chache linazama?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Ardhi haijui gari lina tani ngapi. Inajua kila sentimita ya mraba inabebeshwa kilo ngapi. Kifaru cha M1 Abrams kina zaidi ya tani 60, lakini minyororo yake ni mipana na mirefu, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo moja. Mtu mzima anayetembea, akiwa ameegemea mguu mmoja, hayuko mbali na hapo. Sasa chukua tairi la Fuso lenye upepo wa psi 100. Shinikizo la tairi kwenye ardhi linakaribia shinikizo la upepo uliomo ndani yake, yaani kama kilo saba kwa sentimita ya mraba. Kwenye lami haina neno. Kwenye udongo mweusi wa mbugani baada ya mvua ya masika, umekwisha.

Dereva wa kanda ya mashamba anajua dawa: punguza upepo. Tairi linalala, eneo la kugusana linaongezeka, gari linatoka. Ukifika kwenye lami unahangaika kutafuta pampu. Wanajeshi walifanya utundu huo huo kuwa mtambo. Lori la Marekani la DUKW la mwaka 1942, lililokuwa linatembea nchi kavu na majini, lilimwezesha dereva kupunguza na kuongeza upepo akiwa amekaa kwenye usukani. Akitoka baharini anashusha kwa ajili ya mchanga, akifika barabarani anapandisha. Leo mtambo wa namna hiyo uko kwenye malori mengi ya kijeshi.

Aliyeigeuza elimu ya tope kuwa hesabu ni Mieczysław Bekker, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyeishia Marekani. Alipima udongo unavyobonyea na unavyokatika chini ya gurudumu, akaandika kanuni za kutabiri gari litapita au litakwama kabla halijajengwa. Kazi hiyo aliifanya kwa sehemu kwenye maabara ya jeshi huko Detroit. Baadaye elimu ile ile ya tope ilitumika kubuni gari lililoendeshwa mwezini mwaka 1971 na wanaanga wa Apollo 15, lenye magurudumu ya wavu wa waya badala ya mpira.

Kwa upande wa vitendo, kuna kifaa rahisi sana kilichoenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani wa Vicksburg, Mississippi: fimbo ya chuma yenye ncha ya koni. Askari anaisukuma ardhini, anasoma nguvu iliyotumika, analinganisha na namba ya gari lake. Namba ya udongo ikizidi ya gari, pita. Ikiwa chini, tafuta njia nyingine. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba mtu akichora ramani ya namba hizo kwa bonde la Rufiji au Kilombero, kiangazi na masika, atakuwa amefanya utafiti wa magari bila kugusa gari hata moja, na wasafirishaji wa mpunga na mbao watamshukuru kuliko jeshi.

Basi kwa nini magari yote yasiwe na minyororo?

Inakula mafuta, inapiga kelele, inachimbua lami, na inaisha. Kifaru kinachotakiwa kusafiri mbali hubebwa juu ya treni au trela, kwa sababu kukitembeza mwenyewe ni kumaliza minyororo kabla ya kazi yenyewe. Gari la matairi manane linakimbia barabarani kama basi na linaweza kupoteza tairi moja au mawili likaendelea. Kwa jeshi la nchi kubwa yenye barabara ndefu kama yetu, matairi yana hoja nzito.

Yale magari marefu ya kulinda amani, yenye tumbo la umbo la V, yalitoka wapi?

Kusini mwa Afrika, na historia yake si ya kujivunia yote.

Bomu la kutegwa ardhini linalipuka kuelekea juu. Tumbo la gari likiwa bapa, nguvu yote inagonga sakafu na kumpanda aliyekaa juu yake kupitia miguu na uti wa mgongo. Tumbo likiwa V, mlipuko unateleza kwenda pembeni. Ukiinua gari juu unapata faida ya pili, maana nguvu ya mlipuko hupungua haraka mno kadiri umbali unavyoongezeka, na nusu mita tu ni kitu kikubwa. Magurudumu na ekseli zinawekwa nje ya boksi la abiria, ili ziking'olewa ziende zake. Viti vinaning'inizwa kutoka ukutani au darini badala ya kufungwa sakafuni, mikanda inafungwa, na miguu haitakiwi kukaa kwenye sakafu tupu.

Mawazo hayo yalikomazwa Rhodesia na Afrika Kusini miaka ya 1970, nchi mbili zilizokuwa zinapigana na wapigania uhuru. Casspir, lililo maarufu kuliko yote, limepata jina kwa kuchanganya herufi za CSIR, taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, na SAP, polisi wa nchi hiyo. Polisi hao hao waliliingiza kwenye vitongoji vya watu weusi. Sisi tuliokua tukisikia habari za wakimbizi wa ANC wa Mazimbu na Dakawa, kule Morogoro, tunalitazama gari hilo kwa macho mawili. Na bado ndilo lililokuja kuwabeba Waganda na Waburundi wa Umoja wa Afrika kule Mogadishu.

Marekani ilikuja kuichukua elimu hiyo kwa haraka mwaka 2007, mabomu ya barabarani Iraki yalipokuwa yanaua kila wiki. Waziri wa Ulinzi Robert Gates aliyapa magari hayo, yanayoitwa MRAP, kipaumbele cha kwanza, na zaidi ya 20,000 yakajengwa ndani ya miaka michache. Kisha uzito ukadai chake. Kwenye vilima na barabara za udongo za Afghanistan yalikuwa marefu, mazito, yanapinduka. Ikabidi waagize jingine dogo lenye springi huru kila gurudumu, M-ATV, mwaka 2009.

Mtu akiniuliza ni lipi bora kwa askari wetu waliowahi kwenda Darfur, Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati, namjibu kwa swali jingine: fundi wa kikosi analimudu? Umoja wa Mataifa hulipa nchi kwa magari inayopeleka, na wakaguzi hupita na kuhesabu yanayotembea. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 90. Gari zuri lililosimama kusubiri kipuri kutoka ng'ambo miezi mitatu halimlindi mtu na halilipiwi.

Madaraja yanaingiaje kwenye habari ya magari?

Yanaingia mapema sana, kabla hata ya injini. Majeshi mengi huyapa magari na madaraja namba za kundi la uzito, na dereva akiona namba ya daraja ni ndogo kuliko yake hapiti. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipolipua daraja la Mto Kagera pale Kyaka, mto huo ukawa kikwazo kikubwa kuliko silaha nyingi, na wahandisi wa jeshi letu walilazimika kuweka daraja la kuunganisha la aina ya Bailey ndipo vifaa vizito vivuke. Mbunifu anayeongeza tani tano kwenye gari lake anafuta madaraja kadhaa kwenye ramani ya nchi.

Droni hazijamaliza kazi ya vifaru?

Zimebadilisha hesabu. Tangu 2022 huko Ukraine tumeona droni ya dola mia chache ikiharibu kifaru cha mamilioni. Sababu ni ya kiuhandisi: deraya la kifaru limerundikwa mbele, kwa kuwa kwa miaka mingi adui alitazamiwa kutokea mbele. Paa na sehemu ya nyuma ya injini ni nyembamba, na huwezi kuzinenepesha zote bila kurudi kwenye tatizo letu la uzito.

Majibu yako mengi na hakuna lililotosha peke yake. Askari walianza na vichanja vya nondo na nyavu, vilivyochomelewa kwenye karakana za nyuma ya mstari wa mbele. Wengine walicheka mwanzoni, baadaye viwanda vikaanza kuviiga. Kuna vivurugaji mawimbi vya kukata mawasiliano ya droni, nazo droni zikaja na waya mwembamba wa kioo unaofunguka nyuma yake, usiovurugika. Kuna pia mitambo inayolitambua kombora kwa rada na kulipiga kabla halijafika. Wasovieti walikuwa nao wa namna hiyo miaka ya 1980, Drozd, na Trophy wa Israeli ulizuia kombora vitani mwaka 2011. Ulibuniwa kwa makombora yanayokuja kutoka pembeni, na droni inayoshuka wima ni mtihani mwingine.

Mimi naona kifaru kitabaki, ila kitapungua uzito wa mbele na kuongezewa macho.

Magari ya kijeshi yasiyo na dereva yamefikia wapi?

Magari ya kiraia yanayojiendesha, yale unayoyaona kwenye video, yana baba yake jeshini. Mwaka 2004 shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, liliandaa mashindano kwenye jangwa la Mojave kwa zawadi ya dola milioni moja. Hakuna gari lililomaliza. Lililofika mbali kuliko yote lilikwama baada ya kilomita 12 hivi. Mwaka uliofuata zawadi ikapandishwa hadi dola milioni mbili, na Stanley, Volkswagen Touareg ya Chuo Kikuu cha Stanford, ikamaliza kilomita 212 kwa chini ya saa saba. Magari mengine manne yalimaliza pia. Waliotoka kwenye timu zile ndio walioanzisha sehemu kubwa ya miradi ya leo.

Kwenye mapigano, kinachotumika kwa wingi sasa ni vigari vidogo vya kuongozwa kwa mbali: kubeba risasi kwenda mbele, kurudisha majeruhi, kutegua mabomu. Kazi hizo ni za maana kuliko ndoto ya kifaru kinachojiamulia. Na usisahau kwamba jangwa halina bodaboda. Mtambo unaopita Mojave ukiuleta Manzese saa kumi na mbili jioni utasimama pale pale na kukataa kwenda.

Umeme je? Jeshi litaacha dizeli?

Siyo karibuni. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 12, na kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu haifiki hata 0.3. Injini inapoteza zaidi ya nusu ya nishati yake kwa joto, lakini pengo bado ni kubwa, na porini hakuna pa kuchajia. Kinachovutia ni mchanganyiko wa dizeli na betri: gari linasimama kimya usiku, redio na kamera zikifanya kazi bila injini kunguruma.

Inachukua muda gani kubuni gari moja? Na kwa nini miradi mikubwa hufa?

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la fo wili, likatoa siku 49 za kuleta la mfano. Kampuni ndogo ya Bantam, ya Butler, Pennsylvania, iliyokuwa karibu kufilisika, ilileta lake tarehe 23 Septemba. Ndilo lililozaa gari la Jeep, na hadi vita inaisha Willys na Ford walikuwa wameshatengeneza zaidi ya laki sita. Watu hupenda kuishia hapo wakisimulia. Huwa hawasemi kwamba sharti la kwanza la jeshi lilikuwa gari lisizidi kilo 590, jambo ambalo hakuna mhandisi aliyeliweza, na mwishowe jeshi likalegeza hadi kilo 980 hivi. Mradi ulipona kwa sababu wenye sharti walikubali kulegeza.

Linganisha na FCS, mradi wa Marekani wa familia nzima ya magari mapya, ambao Gates aliufuta mwaka 2009 baada ya mabilioni ya dola kuteketea. Sharti lilikuwa gari la tani 20 hivi, liingie kwenye ndege ya C-130, na liwe salama kama kifaru cha tani 60, kwa kuwa taarifa za kompyuta zingemwona adui kabla hajafyatua. Bomu la barabarani halionekani kwenye kompyuta. Walipoanza kuongeza ulinzi, uzito ukapanda, ndege ikashindikana, na sababu ya mradi kuwepo ikaondoka nayo.

Naruhusiwa kupiga picha gari la jeshi nikikutana nalo barabarani?

Usipige. Na kambi usiielekezee simu kabisa.

Mimi ni raia na niko Dar. Nisome nini ili nifanye kazi hii?

Uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Teknolojia pale mjini, au uhandisi wa magari Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Aliyeanzia VETA asijione mdogo, maana gari la mfano hujengwa na watu wanaojua kushika tindo na kusoma mchoro kwa wakati mmoja, na hao ni adimu.

Ukiwa bado chuoni chagua mradi wa mwisho unaopimika. Kila mwaka naletewa pendekezo la "kifaru cha kisasa cha Tanzania", michoro mizuri ya kompyuta, bila hesabu ya rejeta. Niletee badala yake jambo kama hili: lori moja, mzigo unaojulikana, kipimajoto kwenye rejeta, mlima mmoja wa Barabara ya Morogoro, saa nane mchana mwezi wa Februari. Pima joto linavyopanda. Kisha ziba robo ya uso wa rejeta kwa bamba, kama vile deraya lingefanya, upande tena. Jenerali na mwenye kampuni ya malori wote watataka kuiona grafu hiyo, na utaipata kwa gharama ya dizeli na kipimajoto.